Umefikaje Hapo? Shajara ya mradi wa hisabati kwa simu, Tanga

Jumatatu, 5 Februari 2024

Leo nimeanza. Wanafunzi sita, wa darasa la tatu hadi la sita, dakika 30 mara mbili kwa wiki, mimi na mtoto mmoja tu kwenye simu. Mmoja yuko Sahare, mmoja Duga, mmoja Pongwe, mmoja Muheza, mmoja Pangani, na wa sita ni jirani yangu hapa hapa Ngamiani, ambaye mama yake anasema akiachiwa aje kwangu kwa miguu ataishia kucheza njiani. Somo ni hisabati peke yake. Majina sitayaandika humu, ni watoto wa watu.

Niandike na sababu. Wakati najitolea kufundisha, darasa langu lilikuwa na watoto zaidi ya 80. Nilikuwa nasahihisha madaftari kibarazani mpaka giza linaingia: vema, kosa, kosa, vema. Jibu nililiona. Njia iliyomfikisha mtoto kwenye lile jibu sikuiona, na nafasi ya kumwita mmoja mmoja haikuwepo. Aliyekosa Jumatatu alikosa vilevile Ijumaa, nami nikamwekea alama ileile kwa wino uleule mwekundu. Jambo hilo limenikaa moyoni hadi leo.

Wazazi tumekubaliana nao hivi: mtu mzima awepo karibu muda wote wa kipindi, simu iwe ya mzazi na si ya mtoto, na picha zinazotumwa ziwe za daftari tu. Mwenye uwezo analipa 3,000 kwa kipindi. Asiyenacho halipi, bando tu liwe lake.

Jumatano, 7 Februari

Vipindi vya kwanza nimeviharibu mimi. Kamera niliiacha inaangalia uso, kama watu wanaosalimiana. Mtoto akiinama kukokotoa nabaki naangalia utosi wake. Nikimwomba anionyeshe kazi, anainua daftari, mwanga wa dirishani unaifuta karatasi yote, nami naanza: sogeza kidogo, hapana, kushoto, basi limepinduka. Dakika 12 zimekwenda hivyo na yule wa Muheza.

Aliyeniokoa ni bibi wa Pongwe, anayemlea mjukuu wake wa darasa la nne. Alikuwa amekaa pembeni anachambua mchicha wa genge lake. Akasema, "Mwanangu, hii simu si ina jicho kwa nyuma? Si tuilaze tu." Akaleta makopo mawili ya rangi, juu yake vipande viwili vya ubao, simu ikalala katikati jicho likichungulia chini, daftari likawa chini yake. Nikauona mkono. Naona penseli inapoanzia, inaposita, na inachofuta kabla sijaambiwa kitu. Uso siuoni tena, wala sijauhitaji.

Wote nimewaambia wafanye hivyo. Wa Duga katumia vitabu na rula mbili, wa Sahare kreti la soda.

Jumatano, 14 Februari

Binti wa Pongwe. Nilimpa 503 − 267 akapata 364.

Nikamuuliza, "Umefikaje hapo?" Mkono ukakimbilia kifutio. Nimeligundua hili kwa wote sita: mwalimu akiuliza, kwao maana yake umeshakosa. Kwa hiyo nimejiwekea sharti la kuuliza swali hilohilo hata jibu likiwa sahihi, mpaka liwe la kawaida kama shikamoo.

Alipotulia akasema, "Kidogo kinatoka kwenye kikubwa, mwalimu. Tulifundishwa la kwanza." Tano toa mbili, tatu. Sifuri na sita, kubwa ni sita, basi sita. Tatu na saba, kubwa ni saba, saba toa tatu, nne. Kila safu kaifanya hesabu yake peke yake. Huyu mtoto hakubahatisha hata kidogo. Anatii kanuni aliyopewa akiwa na miaka saba, na alipopewa ilikuwa kweli, kwa sababu wakati ule hesabu zote zilikuwa za tarakimu moja.

Nikamwelekeza kukopa kama nilivyofundishwa mimi. Akafuata, akaandika, halafu akauliza kwa heshima zote: "Mwalimu, tukikopa tunarudisha lini?"

Sikuwa na jibu. Nimelisema neno hilo miaka yote bila kulisikiliza. Pale hakuna anayekopa wala anayekopeshwa. Mia moja imebadilishwa kuwa makumi kumi, na jumla imebaki ileile.

Ijumaa, 16 Februari

Nimelala na lile swali, leo nimerudi na pesa. Nilimwomba bibi mauzo ya genge: noti tano za elfu kumi, noti ya elfu moja hata moja hakuna, sarafu tatu za mia. Jumla 50,300. Nikamwambia binti, aliyeleta nyanya anadai 26,700, mlipe kamili.

Akaanza na zile mia saba. Sarafu anazo tatu. Akazitazama, kisha akasema, "Nikachenji elfu." Elfu hana. "Basi nichenji elfu kumi kwanza." Bibi akamhesabia noti kumi za elfu. Moja akaichenji tena ikawa sarafu kumi za mia. Mbele yake sasa zipo noti nne za elfu kumi, noti tisa za elfu moja, na sarafu kumi na tatu. Nikamwambia aziandike hizo namba juu ya 5, 0 na 3 kwenye ile hesabu ya juzi. Mkono ukaandika 4, ukaandika 9, ukasimama.

"Kumbe ile tisa ya ubaoni ndiyo hizi!"

Ameiona tisa hiyo ikiandikwa juu ya sifuri tangu mwaka jana bila kujua inatoka wapi. Akamaliza: 13 toa 7, 9 toa 6, 4 toa 2, ni 236. Kwenye meza zilibaki 23,600.

Neno kukopa nimeliacha. Tunasema kuchenji.

Jumatatu, 26 Februari

Wa Sahare bado jedwali la kuzidisha linamsumbua kuanzia sita. Anajua 5 × 8 bila kufikiri, kwa hiyo 6 × 8 anaongeza nane moja juu ya arobaini. Inakwenda polepole, inakwenda. Kipindi cha video kinakula MB zaidi ya 100, nimeandika matumizi ya wiki mbili. Kwa mama wa Duga hilo ni zito, nitafute namna.

Jumamosi, 23 Machi

Ramadhani. Vipindi vya jioni vimehamia asubuhi za Jumamosi na Jumapili, maana saa kumi jioni mtoto aliyefunga hana sauti, na baada ya tarawehe hana macho.

Binti wa Muheza, la tano: 1/2 + 1/3 = 2/5. Kajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Sikumwambia kakosa. Nilimuuliza kama nusu na hizo mbili ya tano kipi kikubwa. Akachora duara mbili, lakini vipande vitano vya kuchora kwa mkono havilingani hata siku moja, tukapoteza muda bure. Nikamwambia afikirie vipande kumi: nusu ni vitano, mbili ya tano ni vinne. Akanyamaza sana. Kisha: "Nimejumlisha, imepungua."

Hapo ndipo palikuwa pazuri, na hapo ndipo bando lilipoisha.

Jumapili, 24 Machi

Tumeendelea. Nilimuuliza nyumbani mko wangapi wakati wa kufuturu. Sita. Mkate wa kumimina mama anaukata vipande vingapi? Sita, kila mtu na chake. Haya, nusu ya mkate ni vipande vingapi? Vitatu. Theluthi? Viwili. Pamoja? "Vitano kati ya sita." Akaandika 5/6 mwenyewe. Mama yake alikuwa anasikiliza. Akasema mkate wenyewe atauona magharibi.

Nikamuuliza kwa nini usikatwe vitano. Jibu lake naliandika lilivyo: "Vitano huwezi kutoa nusu bila kukata kipande, na theluthi ndiyo kabisa." Hiyo sita, namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa mbili na kwa tatu, ndiyo Kigawe Kidogo cha Shirika, KDS, aliyoikariri muhula uliopita kama mada inayojitegemea, isiyo na undugu na sehemu.

Maneno yetu yenyewe yananisaidia hapa. Namba ya chini tunaiita asili: inasema kipande kimetoka kwenye mkate uliokatwa mara ngapi. Ya juu ni kiasi: vipande vingapi umechukua. Kiasi hujumlishwa pale tu asili ni moja. Nilimweleza hivyo, na akayatumia maneno hayo kunieleza 1/4 + 1/6 bila mimi kuingilia: mkate wa vipande 12, vitatu na viwili, 5/12.

Ijumaa, 19 Aprili

Masika imeshika. Mtandao wa Pangani unachelewa, nauliza swali, sauti inafika baadaye, na jibu linarudi baadaye zaidi. Wiki ya kwanza ilinikera. Wiki hii nimeona kitu: yule mvulana, ambaye Februari alikuwa anajibu neno moja moja, sasa anajibu sentensi nzima. Nadhani sababu ni kwamba nalazimika kungoja.

Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliwahi kupima jambo hili miaka ya 1970. Alikuta walimu wakishauliza swali wanasubiri kama sekunde moja tu kabla ya kurudia, kuuliza mwingine au kujibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yakawa marefu, na waliokuwa kimya wakaanza kusema. Nimeliamini zaidi sasa nilipolazimishwa na mvua. Kwa watoto wenye mtandao mzuri nahesabu moyoni mpaka tano. Tano ni ndefu mno ukiwa mwalimu.

Jirani wa Ngamiani simu ya mama yake imevunjika kioo. Anakuja kwa miguu, na anawahi kuliko alivyokuwa anawahi kwenye simu.

Jumatatu, 13 Mei

Tangu jana intaneti ni ya kusuasua nchi nzima. Mikongo miwili ya baharini imepata hitilafu huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Video haiendi kabisa. Nimewaza kusimamisha vipindi, kisha nikakumbuka Botswana. Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, watafiti huko walifanya jaribio kwa kaya kama 4,500. Baadhi walitumiwa ujumbe mfupi wenye maswali ya hisabati, wengine ujumbe pamoja na simu ya kawaida ya kama dakika 20 kila wiki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature Human Behaviour: waliopigiwa simu walisonga mbele, na ujumbe peke yake haukuleta tofauti ya maana. Kilichofanya kazi ni sauti ya mtu anayemngoja mtoto ajibu.

Nimewapigia wote simu ya kawaida. Dakika za simu tunazo, hata mama wa Duga kasema hii kwake ni nafuu.

Jumanne, 14 Mei

Binti wa Duga, la tano, kwa sauti tupu. Nilimwambia, "Andika elfu kumi na tano, jumlisha elfu mbili na mia tatu." Akasema jibu ni 12,305. Mwezi wa pili ningeandika kosa. Leo, kwa kuwa simwoni mkono, ilibidi nimuulize anisomee tarakimu moja moja. Kumbe kaandika 10,005.

Nani kakosa? Elfu kumi, na tano. Kiswahili kinamruhusu kabisa. Sokoni neno hilo kila mtu analisikia kama 15,000, kwa sababu hakuna anayeuza kitu kwa elfu kumi na shilingi tano, lakini mtoto anayeandika hesabu hana soko la kumsaidia. Hesabu yake kwa namba aliyoisikia ni sahihi tupu: 10,005 na 2,300 ni 12,305. Nilimwambia hivyo, na nikamwomba radhi.

Nimefikiria madaftari yale 80. Imla ya namba nilikuwa natoa kila wiki. Ni wangapi niliwawekea kosa kwa namba walizoziandika sawasawa na nilivyozitamka?

Sasa nasema kumi na tano elfu nikitaka 15,000, na kumi elfu na tano nikitaka 10,005. Nimewaambia wazazi wote na wao wafanye hivyo wakiwasaidia.

Alhamisi, 16 Mei

Mvulana wa Pangani, la sita. Nikamsomea: ishirini, toa nane, jumlisha tano. Akajibu haraka: saba. Umefikaje hapo? "MAGAZIJUTO, mwalimu. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. JU iko mbele ya TO. Nane na tano kumi na tatu, ishirini toa kumi na tatu."

MAGAZIJUTO kila aliyesoma shule ya msingi nchi hii anaijua, mimi naipenda, inakaa kichwani maisha. Lakini ilivyoandikwa inamwambia mtoto kwamba jumlisha hutangulia toa, na sivyo. Hizo mbili zina daraja moja, unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia, iliyotangulia ndiyo ya kwanza. Vivyo hivyo gawanya na zidisha.

Sikumwambia kanuni. Nilimpa gari. "Hiace imetoka Pangani na abiria ishirini. Kigombe wakashuka nane. Tongoni wakapanda watano. Tanga imefika na wangapi?" Kumi na saba, papo hapo. Nikasema, haya niandikie safari hiyo kwa alama. Akasoma alichoandika: 20 − 8 + 5. Kimya. Nikahesabu mpaka tano, nikapita, nikafika tisa. Akasema polepole, "Kwa MAGAZIJUTO, wa Tongoni wameshukia Kigombe kabla hawajapanda."

Sijawahi kusikia kosa hilo likielezwa vizuri hivyo.

Jioni nimekaa na karatasi kutaka kujua kwa nini GAZI haileti matatizo na JUTO inaleta. Ukigawanya kwanza katika 24 ÷ 4 × 2 unapata 12, ndivyo inavyotakiwa. Katika 6 × 8 ÷ 4, ukigawanya kwanza unapata 6 × 2, ambayo ni 12, na ukienda kutoka kushoto unapata 48 ÷ 4, ambayo ni 12 ileile. Kugawanya kabla ya kuzidisha hakudhuru popote. Kujumlisha kabla ya kutoa kunadhuru kila mara alama ya kutoa inapotangulia. Kwa hiyo nusu ya neno inalinda, nusu inatega, na mtoto hana namna ya kujua ni nusu ipi. Kijana wangu sasa anaandika MAGAZIJUTO halafu chini yake anachora mshale kuelekea kulia, mmoja chini ya GAZI, mwingine chini ya JUTO.

Ijumaa, 24 Mei

Mtandao umerudi, ila siku moja kati ya mbili nimeibakiza ya sauti. Kwenye video mtoto ananionyesha, kwenye sauti inabidi aseme. Sauti inampa kazi zaidi.

Baba wa Pangani kanipigia, si kwa furaha. Kijana kapewa zoezi shuleni, 30 − 12 + 6, kaandika 24, kawekewa kosa. Jibu lililotakiwa ni 12. Mtoto kamwambia mwalimu wake habari ya mshale, kaambiwa aache mambo ya simu. "Sasa mwalimu, nimfuate nani?"

Nilimwambia 24 ni sahihi, na kwamba mwalimu wake asibishwe mbele ya mtoto. Nikaomba ampelekee namba yangu, kama itampendeza. Mimi nimesimama mbele ya darasa la aina ile. Najua mtu anavyochoka.

Jumatatu, 27 Mei

Nimewarudishia maswali yaleyale ya siku ya kwanza, kumi kila mmoja, namba nimezibadilisha. Wa Pongwe alipata 3, leo 9. Muheza 4, leo 8. Duga 5, leo 9. Pangani 6, leo 10. Jirani 4, leo 7. Wa Sahare 2, leo 4, na hilo ni langu, si lake: nimemkimbiza kwenye kuzidisha wakati bado thamani ya nafasi haijakaa. Juni tunarudi kwenye mamoja na makumi, na njiti za viberiti, bila haraka. Shule zinafungwa Ijumaa hii, nitampa vipindi vitatu kwa wiki.

Jumanne, 28 Mei

Saa mbili usiku simu imeita, namba nisiyoijua. Ni mwalimu wa Pangani. Sauti ya mtu mzima kuliko mimi, nikampa shikamoo, akaitikia. Akasema amefundisha MAGAZIJUTO miaka mingi, na amepigiwa hodi na mzazi kwa sababu yangu, hivyo anataka kunisikia mwenyewe.

Nilijibu kwamba mimi pia nimeifundisha hivyo. Nikamwomba ruhusa nimpe safari moja tu. Gari, abiria thelathini, Kigombe wanashuka kumi na wawili, Tongoni wanapanda sita.

Akanyamaza. Niliisikia redio nyumbani kwake, na mtu akiita watoto ndani. Sikusema kitu. Sijui nilihesabu mpaka ngapi.

"Ishirini na nne," akasema. Kisha akanyamaza tena, na baada ya hapo: "Hebu, mwalimu, nisubiri nichukue kalamu."